Bendi imeninunulia besi ya nyuzi tano, lakini ni ya mkono wa kulia

Mjomba, shikamoo.

Napiga besi. Nina miaka 34 na ni mashoto tangu nilipoanza kushika kijiko. Gitaa langu la kwanza, ambalo ndilo ninalolipiga hadi leo, ni la nyuzi nne na lilitengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia. Nililigeuza mwenyewe miaka tisa iliyopita kwa sababu sikupata jingine. Nilizihamisha nyuzi zote, mnene ukae juu na mwembamba chini, kisha nikakaa karibu mwaka mzima nikipambana na uzi wa G, ule mwembamba kuliko wote, uliokuwa ukichezacheza kwenye mfereji uliochongwa kwa ajili ya uzi wa E, ule mnene. Mara nyingine ulichomoka katikati ya wimbo. Niliubana kwa kikaratasi nilichokikunja mara nne, mpaka siku fundi aliponiwekea nati mpya, yaani kile kipande chenye mifereji ya nyuzi kati ya shingo na kichwa, na kukihamisha kishikizo cha mkanda. Tangu hapo mimi na gitaa lile ni chanda na pete.

Niko kwenye bendi ya watu saba. Kiongozi wetu ndiye aliyenipokea wakati wengine hawakutaka hata kunisikiliza, na sijalisahau hilo. Mwaka huu tumepata mwimbaji mpya mwenye sauti nzito, kwa hiyo nyimbo nyingi zimeshushwa. Noti ya chini kabisa kwenye gitaa langu ni E, na sasa nyimbo zinataka D, nyingine hadi C. Kiongozi akasema tunahitaji besi ya nyuzi tano. Nilikubaliana naye, na kwa kuwa nilikuwa na akiba ya mwaka mmoja na nusu, nikaanza kutafuta ya mashoto kimyakimya.

Wiki sita zilizopita, baada ya mazoezi, waliniambia nifumbe macho. Nilipofumbua, kulikuwa na sanduku mbele yangu. Ndani yake besi mpya ya nyuzi tano. Walichangishana wote, hata mpiga ngoma, ambaye najua hali yake ilivyo. Ni gitaa zuri, Mjomba, mbao yake inang'aa kama asali. Na ni la mkono wa kulia.

Nilicheka, nikashukuru, nikawakumbatia. Nyumbani nikakaa nalo sakafuni nikalia. Tumepiga pamoja miaka saba. Hivi hawajawahi kuniona?

Tangu siku hiyo, kila usiku najifunza kupiga kwa kulia. Wimbo ninaoweza kuupiga huku nikiwaza mambo mengine sasa unanitoka noti mojamoja, kama mtoto anayetambua herufi. Mpiga kinanda wetu anasema mkono ni mazoea tu, miezi mitatu inatosha. Onyesho letu kubwa liko miezi mitatu mbele. Fundi anasema anaweza kuligeuza, lakini itabidi atoboe tundu na kubadilisha nati, na gitaa ni mali ya bendi. Nimepata besi ya mashoto ya nyuzi tano inayouzwa nchi nyingine. Nimeiona kwenye picha tu, itameza akiba yangu yote na muuzaji harudishi fedha. Na hata nikiinunua, nitaingia nayo vipi mbele ya watu waliojinyima kwa ajili yangu? Mume wangu anasema hili la bendi liuzwe. Kiongozi akiniuliza, "Vipi, limekaa sawa?" namjibu, "Naendelea kulizoea."

Nifanye nini?

Mashoto mwenye magitaa mawili

*

Mpwa wangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimesimama kwenye kile kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Nimekaa na magitaa ya watu mapajani miaka mingi, nikiyapiga na kuyatengeneza, na nimeshavitoa vikaratasi vya namna hiyo kwenye nati nyingi. Nikikiona najua mwenye gitaa ni mtu aliyezoea kujitafutia njia bila kumsumbua mtu. Nadhani hata sasa unafanya hivyohivyo.

Kama nimekuelewa, umebeba mizigo miwili iliyofungwa kamba moja. Mmoja ni wa mikono: unahitaji noti zilizo chini ya E, na gitaa ulilopewa limekaa kinyume chako. Mwingine ni wa zawadi: watu unaowapenda wamejinyima, wamekosea, na unaona kusema ukweli ni kuwatemea mate. Barua yako imejaa nati, mifereji na nyuzi, lakini sijaona mahali ulipomwambia kiongozi wako sentensi hii moja: gitaa hili, lilivyo, siwezi kulipiga. Wiki sita umekuwa ukimwambia unaendelea kulizoea. Naye, kwa haki yake, amekuamini.

Umeuliza kama hawajawahi kukuona. Jaribu kulitazama gitaa lako la zamani kwa macho yao. Kwa miaka saba wamekuona ukipiga gitaa la mkono wa kulia lililogeuzwa. Pembe ndefu iko chini, vitufe vya sauti viko juu karibu na kiwiko chako, kichwa kimepinduka. Hawakuwepo mwaka ule wa kikaratasi. Kwa mtu asiyepiga besi, inawezekana kabisa hivyo ndivyo unavyopiga: unapewa gitaa lolote, unaligeuza, unaendelea. Pengine walikuona vizuri sana, wakakununulia kilekile walichokuona nacho. Sina hakika na hilo, kwa kuwa simjui kiongozi wako. Ila na wewe huna hakika kwamba walikusahau, na kilio kile cha sakafuni kilitoka kwenye dhana hiyo.

Kabla hatujaingia kwenye njia zilizopo, chukua orodha ya nyimbo za onyesho na uhesabu. Ni nyimbo ngapi zinazoshuka chini ya E, na zinashuka hadi wapi? Kama nyingi zinaishia D, uzi wako wa E unaweza kulegezwa hadi D leo jioni, na kitakachobadilika ni mahali pa vidole kwenye uzi huo mmoja. Zikifika C mara kwa mara, hapo kweli unahitaji uzi wa B, ule wa tano ulio mnene kuliko wote.

Sasa hilo la kujifunza kupiga kwa kulia. Mpiga kinanda hajasema uongo mtupu. Wapo mashoto wanaopiga kwa kulia na wakafika mbali. Mark Knopfler, mpiga gitaa wa bendi ya Dire Straits, ni mashoto na anapiga gitaa la mkono wa kulia. Ila mtu anayeanza kwa kulia anaanzia sifuri pande zote mbili. Wewe una miaka tisa mikononi. Mkono wako wa kushoto unajua kudonoa, unajua lini uwahi ngoma kidogo na lini uisubiri. Wa kulia unajua kubana na kuzima mlio. Ukibadilisha, mikono yote miwili inaanza darasa la kwanza siku moja. Nimewaona watu wakiweza, kwa muda mrefu na kwa hiari yao. Swali ninalokuachia ni hili: ukiitoa aibu ya zawadi, je, bado ungetaka kujifunza? Ukisema ndiyo, lifanye polepole, lisifungwe kwenye tarehe ya onyesho. Na mkono ukianza kuuma kwenye kifundo au kufa ganzi, acha siku hiyohiyo.

Kuna njia ambayo hukuitaja, nayo haihitaji kugusa mfereji hata mmoja: kuligeuza gitaa bila kuzihamisha nyuzi, wa B ukae chini karibu na magoti na wa G juu. Jimmy Haslip, aliyepiga besi miaka mingi na bendi ya jazi ya Yellowjackets, ni mashoto na hupiga hivyo, na kwenye gitaa la kawaida Albert King na Elizabeth Cotten walipiga namna hiyo. Kila mkono wako ungebaki na kazi yake. Lakini ramani yote ya nyuzi inapinduka, na kidole gumba, ambacho wengi wetu hukiegemeza juu ya uzi mnene ili usilie ovyo, kinakosa pa kukaa. Kwako wewe uliyezoea mnene juu, sidhani kama ni njia fupi, japo unaweza kuijaribu usiku mmoja bila gharama.

Tuje kwa fundi. Kugeuza besi ya nyuzi tano ni kazi zaidi ya ile ya nyuzi nne, na sababu ni uzi wa B. Kwenye seti ya kawaida uzi wa G una unene wa inchi 0.045 na wa B inchi 0.130, karibu mara tatu. B hauingii kwenye mfereji wa G, na G ukiwekwa kwenye mfereji wa B utakuwa kama fimbo kwenye pipa. Kwa hiyo nati mpya ni lazima. Kama nati ya sasa imegandishwa kwa gundi kidogo tu, fundi makini anaweza kuing'oa nzima na kukuhifadhia, ili gitaa liweze kurudi lilivyokuwa. Tundu la kishikizo cha mkanda ndilo litakalobaki kama kovu, lakini ni tundu la skrubu moja.

Mengine nenda ukayakague sasa hivi gitaa likiwa mikononi. Kama vigingi vyote vimepangwa upande mmoja wa kichwa, ukiligeuza uzi wa B utakwenda kwenye kigingi cha mbali kuliko vyote, na nyuzi nyingine huwa fupi hazifiki. Pima kwa kamba kabla ya kununua seti. Tazama vile viti vidogo vya chuma vinavyokaliwa na nyuzi kwenye daraja. Kiti cha B huhitaji kurudi nyuma kuliko vyote, sasa je, kile cha upande wa G kina nafasi ya kurudi kiasi hicho? Na kama kina mfereji mwembamba, kinaweza kuhamishiwa upande wa pili? Pikapu, yaani zile sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi, zikiwa ndefu na zimenyooka hazina shida. Zile za vipande viwili vilivyopishana zitakupa mlio tofauti, maana kipande kilichokuwa karibu na shingo kwa ajili ya nyuzi nene sasa kitazikuta nyembamba.

Halafu kuna mambo ambayo hakuna fundi atakayeyaondoa. Vitone vya pembeni mwa shingo, vile unavyovitazama ukiwa jukwaani gizani, vitaangalia sakafu. Kiganja chako kitagonga mwili wa gitaa ukitafuta freti za juu, vile vijiti vya chuma vya shingoni. Na pembe fupi ikibeba mkanda, kichwa chenye vigingi vitano kitataka kuanguka kila ukiachia mkono. Hayo umeyavumilia miaka tisa kwenye nyuzi nne, kwa hiyo unayajua kuliko mimi. Kwenye nyuzi tano shingo ni pana na nzito zaidi, na bega la kulia ndilo litakalolipa.

Lipo jaribio moja ambalo ningependa ulifikirie kabla hujatumia akiba. Chukua gitaa lako la nyuzi nne, uliweke nyuzi za B, E, A na D, yaani zile nne nene za seti ya nyuzi tano. Utapoteza uzi wa G, lakini noti zake nyingi utazipata juu zaidi kwenye uzi wa D. Mifereji ya nati itahitaji kupanuliwa kidogo, ndiyo hasara yake; baadaye ukirudisha nyuzi za zamani itabidi mifereji ijazwe au uweke nati nyingine. Faida yake ni kwamba mikono yako haibadiliki hata kidogo, na utaupiga uzi wa B mbele ya watu kabla ya kuulipia. B hiyo inatetemeka mara 31 hivi kwa sekunde, wakati E yako ni 41. Spika ndogo za mazoezini huwa hazifiki huko, zinakohoa tu. Nimeshuhudia mtu akinunua besi ya gharama kubwa halafu akagundua kilichokosekana kilikuwa spika.

Ile ya nchi nyingine nakuelewa kwa nini inakuita. Besi iliyotengenezwa kwa ajili ya mashoto ni kitu kingine. Unaikalisha pajani na haikupiganii. Lakini za nyuzi tano ni chache, na uchache hutufanya tukubali mambo tusiyoyataka kwa kuogopa kuikosa. Muulize muuzaji urefu wa uzi kutoka nati hadi daraja, ni milimita 864 au 889? Urefu wa pili huukaza uzi wa B vizuri zaidi, ila freti zinakuwa mbalimbali, na vidole vyako ndivyo vya kuulizwa. Muulize uzito. Mwombe picha ya shingo ikitazamwa kwa urefu kuanzia kichwani, na sauti aliyoirekodi akipiga uzi wa B freti kwa freti hadi ya 12, bila muziki mwingine. Muulize pia kama vitufe vya sauti ni vya mashoto kweli. Ukikuta cha mkono wa kulia kimeungwa kinyume, sauti haipandi polepole, inalipuka ghafla mwanzoni kisha karibu haibadiliki tena. Muuzaji akikataa kukujibu hayo, nawe umeshajua jambo fulani kuhusu ununuzi huo. Ni akiba yako na ya nyumba yako, kwa hiyo mume wako anastahili kusikia neno "hairudishwi" kabla, siyo baada.

Lolote litakaloishia mapajani mwako, lipange vizuri kabla ya kulihukumu. Besi nyingi za nyuzi tano hulaumiwa bure kwa B inayokoroma. Kama limesafiri, liache sandukuni siku nzima lizoee hewa. Weka nyuzi mpya, tyuni, kisha ndipo uangalie shingo: bana uzi freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, utazame nafasi iliyobaki karibu na freti ya 7 au ya 8. Kadi nyembamba ipite kwa kugusagusa. Nafasi ikizidi, nondo iliyo ndani ya shingo ikazwe kwa kufuata saa, robo mzunguko, kisha usubiri. Nondo haina mashoto. Hapo usigeuze chochote kinyume, nimewaona mashoto wenzako wakiilegeza wakidhani wanaikaza. Halafu urefu wa nyuzi: kwenye freti ya 12 anza na milimita 2 hivi kwa G na karibu 3 kwa B, uzi huo unahitaji uwanja wa kuchezea. Mwisho wa yote ndiyo usahihi wa noti. Linganisha ile sauti ya kengele ya freti ya 12, inayotoka ukiugusa uzi kidogo tu bila kuubana, na noti iliyobanwa palepale. Noti iliyobanwa ikiwa juu, rudisha kiti nyuma; ikiwa chini, kisogeze mbele. Kipimo cha kwenye simu kikishindwa kuusikia uzi wa B ukiwa wazi, kitausikia kwenye kengele hiyo. Na pikapu usiiinue mpaka ikaribie B, sumaku huuvuta uzi ukatoa mlio wa ajabu ambao utadhani ni kosa la shingo.

Sasa turudi kwa watu wako. Ukinyamaza hadi onyesho, huenda ukapiga vibaya kwa mkono wa kulia na wao wakadhani umechoka na bendi. Ukiingia ghafla na besi nyingine, watajiuliza ya kwao imekosa nini. Ukiipeleka kwa fundi kimya, umekata mali ya watu. Ukisema sasa, huenda kiongozi akaona haya, au akakasirika kidogo, na siku moja au mbili zikawa nzito. Hiyo ni hatari ya kweli, siipunguzi. Lakini ukisema sasa, wanaweza kuamua pamoja nawe: kulirudisha dukani kama bado inawezekana, kulibadilisha, kuruhusu lichongwe nati, kuliuza na kuongezea akiba yako, au kumpa mtu mwingine alipige na wewe ubaki na la kwako. Nyingi kati ya hizo ni njia ambazo peke yako huna mamlaka nazo.

Ukiamua kwenda, nenda kwa kiongozi peke yake kwanza, siyo mbele ya bendi yote. Anza na shukrani, kwa sababu unayo na ni ya kweli. Chukua magitaa yote mawili, uyalaze kando kwa kando, umwonyeshe mfereji wa B na mfereji wa G aone kwa macho yake. Msimulie kile kikaratasi. Kisha mpe besi hiyo mpya upande wako, shingo ikielekea kulia, umwombe apige noti nne tu za wimbo anaoujua. Mwache ahangaike nazo kidogo kabla hujasema neno.

Niandikie mlivyozungumza.

Mjomba wako